Maumivu ya Kichwa Yatokayo Shingoni Hutibiwa kwa Mazoezi Kwanza

Maumivu ya kichwa yanayoanzia kisogoni na kupanda upande mmoja hadi nyuma ya jicho huweza kuwa na chanzo shingoni. Mishipa ya fahamu ya pingili tatu za juu za shingo huungana na ule wa uso kabla ya kufika ubongoni, hivyo ubongo hushindwa kubagua maumivu yametoka wapi. Vidonge hutuliza kwa muda, lakini anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu mapya yanayoletwa na dawa hizohizo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mazoezi yatangulie, vidonge viwe msaada wa siku chache.

Ushahidi upo. Mwaka 2002, Gwendolen Jull na wenzake nchini Australia walichapisha utafiti wa wagonjwa 200 wenye maumivu haya. Wiki sita za mazoezi mepesi, au za tiba ya mikono, zilipunguza maumivu, na nafuu ilidumu hadi mwaka mmoja. Zoezi lenyewe halihitaji mashine: mgonjwa hulala chali, huinamisha kidevu taratibu kama anayeitikia ndiyo, kichwa kikibaki kitandani, hushikilia sekunde 10, kisha hurudia mara 10. Misuli ya ndani ya shingo, ambayo maumivu huidhoofisha, hurudishiwa kazi yake.

Wapo watakaosema shingo inayouma ipumzishwe, hasa picha ikionyesha diski zimechakaa. Lakini mwaka 2015 watafiti wa Japani waliwapiga picha za MRI watu zaidi ya 1,200 wasio na dalili, na wengi wao walikutwa na diski zilizotokeza. Picha peke yake, basi, haitoshi kumhukumu mtu kukaa bila kujongea. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kipandauso nacho huumiza shingo na kina dawa zake. Kwa hiyo uchunguzi wa daktari utangulie. Na mwenye homa na shingo iliyokakamaa, ganzi au udhaifu wa mikono na miguu, mkojo usiozuilika, au maumivu makali ya ghafla, asianze zoezi lolote; aende hospitali mara moja. Wengine waulizie fiziotherapia kabla ya kuongeza kidonge, na waipe wiki sita kamili kabla ya kusema imeshindwa.