Nyumba ya kwanza ukitoka Kawangware: piga hesabu kabla ya dipoziti

Mpangaji wa Kawangware mwenye laki moja au mbili kwenye sako ana njia tatu za kupata nyumba yake. Zote hutangazwa kwa bei moja na kulipiwa kwa bei nyingine, na tofauti hiyo ndiyo inayokosesha watu usingizi.

Rahisi kuliko zote ni kununua vyumba vya mabati Kibera. Achana nayo. Ardhi ya pale kwa sehemu kubwa ni ya serikali, hivyo unachouziwa ni mabati, mbao na karatasi ya makubaliano. Hati miliki hakuna. Julai 2018 tingatinga zilibomoa nyumba Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Kama biashara ya kukusanya kodi, pengine pesa itarudi. Kama makao ya watoto, hapana. Kawangware yenyewe ardhi nyingi ina wenyewe, lakini kipande chenye hati safi kimeshaupita mfuko wa mpangaji wa kawaida.

Njia ya pili ni ploti ya nje ya mji: Joska, Kamulu, Kitengela. Hapa ndipo ada zinapojificha. Tuseme bango linasema 500,000. Wakili ana kiwango cha chini cha 35,000, na VAT ya asilimia 16 inakifikisha 40,600. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini, 2 mashambani. Ploti ikiwa ya mjini, ongeza 20,000. Shamba la kilimo linahitaji pia kibali cha bodi ya ardhi. Umeshapita 560,000 na bado huna ua, maji wala stima.

Ukilipa kwa awamu, uliza bei ya keshi kwanza, kwa sababu nafuu ya miezi mara nyingi imeshaongezwa kwenye bei. Usitoe hata shilingi ya kushikilia ploti kabla ya kupiga sachi ya hati kwenye ofisi ya ardhi. Ada yake rasmi ni ndogo, na hakuna pesa nyingine katika safari hii itakayokufaa zaidi. Ifanye mwenyewe au umpe wakili wako, si wakili wa muuzaji. Broka akikuonyesha sachi yake, shukuru, kisha fanya yako.

Halafu nauli ya kazini. Tuseme ni shilingi 150 kwenda na 150 kurudi, siku 26 za kazi, ni 7,800 kwa mwezi. Fundi wa Kawangware anayepata kazi kwa kusimama mapema hapo mtaani atapoteza nauli na kazi pamoja.

Njia ya tatu ni nyumba za serikali za bei nafuu kupitia tovuti ya Boma Yangu. Kwa zile za Mukuru, zilizoanza kukabidhiwa Mei 2025, bedsita ilitangazwa kwa 640,000, malipo ya 3,900 kwa mwezi kwa miaka 30. Hiyo ni nusu ya nauli tuliyoipiga hapo juu! Lakini zidisha: 3,900 kwa miezi 360 ni 1,404,000. Na chumba chenyewe ni mita 20 za mraba; wenye watoto watatu wapime vitanda kwanza.

Sheria ya 2024 ya nyumba hizi ilianza na dipoziti ya asilimia 10, yaani 64,000 kwa bedsita hiyo. Thibitisha kiwango cha sasa kabla ya kutuma pesa. Wengi hudhani ile asilimia 1.5 ya nyumba inayokatwa kwenye mshahara ni akiba yao. Ni tozo, haihesabiwi kama dipoziti. Tena huwezi kuiuza nyumba bila idhini ya bodi ya nyumba hizi, na hakuna anayekuahidi kwamba utagawiwa mwaka huu.

Kwa mwenye kazi ya mjini na kipato kidogo, ningeanza na Boma Yangu: jisajili, weka akiba ya dipoziti, endelea kulipa kodi yako ya sasa huku ukingoja. Ploti inamfaa aliye na pesa ya kujenga walau chumba kimoja karibuni na kazi inayohama naye. Ploti isiyojengwa haikupunguzii kodi hata senti.

Ukikosa pesa kidogo, nenda sako kabla ya benki, na uulize jumla utakayorudisha, si ya mwezi tu. Uliza pia ada ya kushughulikia mkopo, bima, na nani anamlipa mthamini. Wakisita kukuandikia, ondoka na pesa yako.