Potwe wa Kilindoni

Maji yanayoporomoka Rusumo, wilayani Ngara, hayaendi Bahari ya Hindi. Mto Kagera, uliokwisha kuyapokea ya Ruvubu, huyafikisha Ziwa Viktoria, na Nile huyatwaa huko ikayamwaga Bahari ya Mediterania. Kwa hiyo mtu wa Ngara au Biharamulo mwenye shauku ya kumwona samaki mkubwa kuliko wote ulimwenguni hana budi kuyapa kisogo maji ya kwao, ashike barabara ya Lusahunga, apite Kahama, Singida na Dodoma mpaka Dar es Salaam, kisha ateremke kusini hata Nyamisati, apande chombo cha kuvukia Kilindoni, katika Kisiwa cha Mafia.

Samaki huyo ni potwe, ambaye Wakenya wengine humwita papa shilingi kwa sababu ya madoa meupe yaliyotapakaa mgongoni pake mithili ya sarafu. Nasaba yake ni ya papa, walakini hana ukali wa nasaba hiyo. Aweza kuzidi urefu wa mita 12, na kinywa chake, kilichowekwa mbele kabisa ya kichwa, chatosha kumtia mgeni hofu; lakini riziki yake ni uduvi, mayai ya samaki, dagaa na vijidudu vya bahari ambavyo jicho huviona kwa taabu. Hufumbua kinywa, maji yakapita, na matamvua yakachuja chakula kama kifumbu kichujavyo tui.

Sababu ya potwe kukusanyika Mafia ni Mto Rufiji, ambao huingia baharini mkabala wa kisiwa hicho ukiwa umebeba rutuba ya bara. Potwe huonekana hasa baina ya Oktoba na Februari. Wataalamu waliowafunga vyombo vya kutoa ishara walitambua kwamba wengi hawaendi mbali hata msimu ukiisha, bali huhamia maji ya kina. Kila mmoja hujulikana kwa mpangilio wa madoa yake, kama mtu ajulikanavyo kwa alama za vidole.

Ijapokuwa wageni husema wamekwenda kupiga mbizi, kwa potwe hapahitajiwi mtungi wa hewa; miwani ya maji, mrija wa kupumulia na mapezi ya mpira hutosha, maana yeye hula karibu na uso wa bahari. Nahodha akiona kivuli cheusi hupunguza mwendo, na wageni huteremka majini taratibu. Mwanzo huoni ila ukijani, kwa kuwa maji yenye chakula kingi si maangavu. Punde madoa yanazuka, jicho dogo linakupita, nyufa tano za matamvua zinafunguka na kufumba, chazo wamegandama tumboni, na mwisho mkia unapunga kushoto na kulia, mpole na mzito.

Mwaka 1995 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, lakini malisho ya potwe mbele ya Kilindoni yako nje ya mipaka yake. Hapo wavuvi hutega dagaa, naye potwe, afuataye dagaa hao hao, huingia wavuni. Tangu 2016 amehesabiwa duniani miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Mlaji wa dagaa wa Biharamulo asidhani kwamba hayo hayamhusu: yeye na potwe wote hutegemea samaki wadogo, na bahari au ziwa likikombwa vidogo vyake, vikubwa navyo havidumu.

Basi, msomaji, ukijaliwa kufika Kilindoni, kaa mbali naye si chini ya mita 3, usimguse, usimzibie njia, wala usimhimize nahodha amfukuze. Na mvuvi akifungua wavu wake ili potwe atoke, mshukuru, kwa kuwa amekuhifadhia ulichokisafiria.