Mfupa Si Madini Matupu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimalizana na kalsiamu na fosfeti, zinazoupa mfupa ugumu. Leo ni zamu ya protini.

Chukua mfupa wa paja la kuku, uuloweke katika siki kwa siku kadhaa huku ukiibadilisha siki. Asidi huyayeyusha madini, na kinachobaki hupindika kama mpira. Mwingine uchome hadi uwe mweupe: hapo protini imeungua, madini yamebaki, na ukiubana unavunjikavunjika. Kile kinachopindika ni kolajeni, takriban asilimia 90 ya protini yote ya mfupa.

Kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, kila uzi una asidi amino, yaani matofali ya protini, zipatazo 1,000. Kila ya tatu ni glisini, iliyo ndogo kuliko zote, maana katikati ya msokoto hakuna nafasi ya nyingine. Ili msokoto usifumuke kwa joto la mwili, kimeng'enya huongeza oksijeni kwenye asidi amino iitwayo prolini, na vitamini C ikikosekana kazi hiyo hukwama. Ndipo kiseyeye huingia: fizi hutoka damu, meno hulegea, viungo huuma. Miaka ya 1980 kiliwakumba wakimbizi wa Ethiopia katika kambi za Somalia na Sudan, ambako mgao ulikuwa wa vyakula vikavu.

Basi mfugaji wa Garissa, ambaye bustani ya michungwa hana, alinusurikaje? Kwa maziwa ya ngamia. Vitamini C yake ni mara kadhaa ya ile ya maziwa ya ng'ombe.

Najua wasomaji wangu wa Waberi, mjini Garissa, wataniuliza: na supu ya mifupa je? Ikipoa ikaganda, hiyo ni kolajeni iliyogeuka jelatini. Lakini haiendi moja kwa moja gotini, hata wauzaji wa unga wa kolajeni wakiapa. Tumbo huikatakata kuwa asidi amino, na mwili huzitumia panapohitajika. Ni chakula kizuri, kwangu si dawa.

Tukirudi kwa maziwa ya ngamia: yachemsheni, kwani mabichi huweza kuleta ugonjwa wa bruselosi. Moto hupunguza vitamini C, kwa hiyo ongezeni embe au ndimu kutoka mashamba ya kando ya Mto Tana.

Wiki ijayo: osteokalsini, protini ndogo ya mfupa inayotegemea vitamini K.