Joto, Nafasi na Kumbukumbu: Gharama Fiche za Tarakilishi za Kazi Nzito

Imeenea dhana kwamba tarakilishi ikiwa ghali mno basi haina upungufu. Kwamba mwenye fedha hupata kila atakacho. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba hali si hiyo. Katika tarakilishi za mezani zinazoundwa kwa kazi nzito, kama vile uhariri wa filamu, usanifu wa majengo na uchanganuzi wa sauti, mhandisi hawezi kutoa kitu kimoja pasipo kupunguza kingine.

Tuanze na kichakataji, ambacho ndicho hufanya hesabu. Kichakataji cha leo kina viini kadhaa, na kila kiini huweza kushughulikia kazi yake. Yamkini msomaji atasema kwamba viini vikiwa vingi ni bora. Si kila mara. Viini vyote hugawana kiasi kile kile cha umeme na joto. Vinapozidi, aghalabu kila kimoja hulazimika kupunguza mwendo. Kazi inayogawika vipande vipande, mathalani kuunda picha za filamu ya katuni, hufaidi wingi huo. Kazi ambayo hatua yake ya pili huisubiri ya kwanza haifaidi kitu. Kumbukumbu nayo ina yake. Nyingi ya mashine hizi hutumia kumbukumbu inayojisahihisha tarakimu moja inapogeuka kwa bahati mbaya, jambo linaloweza kusababishwa hata na miale itokayo anga za juu. Kinga hiyo huongeza bei. Mchezaji wa michezo ya tarakilishi haihitaji. Anayekokotoa uthabiti wa daraja kwa siku tatu mfululizo anaihitaji.

Mfano ulio bayana zaidi ni Mac Pro ya kampuni ya Apple ya Marekani, na inafaa tukae nao kidogo. Kuanzia 2006 mashine hiyo ilikuwa sanduku kubwa la alumini, lenye kimo cha takriban sentimita 51, ambamo mtumiaji aliweza kutia diski nne na kadi kadhaa. Mnamo Desemba 2013 likaja umbo jipya kabisa: silinda nyeusi yenye kimo cha sentimita 25 hivi. Ndani yake mlikuwa na kiini cha chuma chenye pande tatu. Upande mmoja ulibeba kichakataji, na pande mbili zikabeba kadi mbili za michoro. Feni moja tu ilivuta hewa kutoka chini na kuitoa juu. Mashine ilikuwa kimya, nyepesi na ya kupendeza. Wapo walioifananisha na pipa la taka, nao hawakuwa wakiisifu.

Tatizo lilikuwa katika pembetatu ile. Ilikadiriwa kwamba joto lingegawanyika karibu sawa baina ya pande tatu, na kwamba programu zingezoea kutumia kadi mbili za wastani. Soko likaelekea kwingine, kwenye kadi moja kubwa yenye nguvu nyingi. Kadi ya namna hiyo iliweza kudai wati 250 peke yake, ilhali mashine nzima ilitengewa wati 450, na upande mmoja wa pembetatu usingestahimili joto hilo. Mnamo Aprili 2017 Craig Federighi, mkuu wa uhandisi wa programu wa Apple, alikiri mbele ya wanahabari kwamba joto lilikuwa limewafungia njia. Kwa maoni yangu, udogo wa silinda ungesameheka. Kilichowaumiza wateja ni kwamba ubashiri wa mhandisi ulipokosea, wao hawakuachiwa nafasi ya kuurekebisha. Walingoja miaka sita.

Mnamo Desemba 2019 sanduku lilirejea, likiwa na nafasi nane za kadi, umeme wa wati 1,400 na nafasi 12 za kumbukumbu zilizoweza kufikisha terabaiti 1.5. Bei ilianzia dola 5,999. Magurudumu ya kulisukumia yaliuzwa kwa dola 400 zaidi!

Hata hivyo, mambo hayakuishia hapo. Toleo la 2023 lilitumia kichakataji cha M2 Ultra, ambacho kumbukumbu yake imefungwa pamoja nacho katika pakiti moja, na sehemu ya michoro huitumia kumbukumbu iyo hiyo. Ukaribu huo huruhusu data kusafiri kwa kasi ya gigabaiti 800 kwa sekunde. Lakini kikomo kilikuwa gigabaiti 192, yaani thumuni ya kile cha 2019. Nafasi za kadi zilikuwepo, ila hazikukubali kadi za michoro.

Jambo hili linatuhusu sisi tunaohifadhi rekodi za masimulizi na mikusanyo mikubwa ya matini. Tarakilishi nyingi kuukuu hudumu kwa sababu fundi huzifungua, akaongeza kumbukumbu, zikaendelea na kazi. Mnunuzi wa toleo la 2023 hakuwa na fundi wa kumwendea: kiasi cha kumbukumbu alichokiagiza siku ya kwanza ndicho ambacho mashine ingekuwa nacho hadi siku ya kuondolewa mezani.