Mtoto Wetu Acheze Wapi?



Tunapotembelea vikundi vya Landless, Kiganjo na Makongeni, kuna lalamiko moja tunalosikia karibu kila mkutano: "Huyu mtoto hatulii nyumbani, na nikimtoa nje ni pikipiki tupu." Mama anayesema hivyo ana haki. Chumba ni kimoja, jiko liko hapo hapo, ua wa ploti umejaa nguo na mitungi ya maji, na barabara ya Garissa haina mchezo na mtoto.

Katika toleo hili tungependa kueleza mambo matatu: kwa nini mtoto mdogo anahitaji mahali pa wazi, ni wapi tunaweza kumpeleka bila kumaliza pesa za unga, na jinsi kikundi kinavyoweza kulinda uwanja ulio karibu kabla haujamezwa.

KUCHEZA SI UVIVU

Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba mtoto anayecheza anapoteza wakati. Hebu tuangalie vizuri. Mtoto wa miaka 3 akipanda rundo la mchanga, anajifunza kusawazisha mwili. Akipanga mawe, anajifunza hesabu kabla ya kuona ubao. Akingoja zamu yake ya bembea, anajifunza kuishi na watu.

Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka 5. Lilisema mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji angalau dakika 180 za kutembeatembea na kucheza kila siku. Akifika miaka 3, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka hasa. Pia mtoto asifungwe mahali pamoja, hata mgongoni kwa leso, zaidi ya saa moja kwa mpigo. Dakika hizo si lazima ziwe za mfululizo. Asubuhi kidogo, mchana kidogo, jioni kidogo, zinatimia.

Tena si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Kenya iliuridhia mwaka 1990.

TUMPELEKE WAPI?

Karibu na nyumbani. Anza hapa. Uwanja wa shule au wa kanisa siku ya Jumamosi unatosha kabisa. Mwenyekiti wa kikundi aende kwa mwalimu mkuu, aombe ruhusa kwa barua, na aahidi kwamba watu wazima wawili watakuwepo na takataka zitaokotwa. Ukiomba kama kikundi, unasikizwa kuliko ukienda peke yako.

Thika mjini. Mito ya Chania na Thika ina maporomoko mazuri karibu na hoteli ya Blue Posts, ambayo imekuwepo tangu 1908. Uwanja ule ni wa hoteli, si wa umma, kwa hivyo ulizeni masharti kabla ya kwenda na kundi la watoto.

Kilimambogo. Ukifuata barabara yetu ya Garissa, unafika njia ya kwenda Fourteen Falls kwenye Mto Athi, na mlima wa Ol Donyo Sabuk wenye urefu wa mita 2,145. Mlima huo ni hifadhi ya taifa tangu 1967. Wenyeji hawakuuita Kilimambogo bure: nyati wako, na mtoto hatembei huko bila kufuata maagizo ya askari wa wanyama. Kuna ada ya kuingia. Tumeni mtu mmoja aulizie kwanza, na siku ya safari watu wazima wabebe vitambulisho.

Nairobi. Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, safari imekuwa rahisi kuliko zamani. Ukishuka upande wa Ngara au Globe, uko karibu na Michuki Park, kando ya Mto Nairobi. Mahali hapo palikuwa jaa la takataka na vyuma vikuukuu. Pamesafishwa na kupandwa miti, na pakaitwa kwa jina la John Michuki aliyekuwa Waziri wa Mazingira. Katikati ya mji kuna Jeevanjee Gardens na Uhuru Park. Ukitaka miti mikubwa, kuna Arboretum, iliyoanzishwa 1907, na msitu wa Karura, ambao una njia za miguu na malipo ya kuingia.

SAFARI NA MTOTO MDOGO

1. Chagueni mahali pamoja tu kwa siku moja. Mtoto wa miaka 3 hana haja ya kuona mji mzima. Akikuta mchwa wanabeba majani, atakaa hapo nusu saa. Mwacheni. Hiyo ndiyo safari yake.

2. Ondokeni mapema, mrudi kabla ya jua la saa nane kumchosha. Mtoto aliyechoka analia, na mzazi naye anakasirika, na siku inaharibika.

3. Bebeni chakula cha nyumbani: ndizi, viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, uji kwenye chupa, maji yaliyochemshwa. Pesa iliyobaki iwe ya nauli na choo.

4. Kwa watoto wadogo, mtu mzima mmoja aangalie watoto wawili, si zaidi, na kila mmoja ajue watoto wake kwa majina. "Tunawaangalia sote" mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna anayewaangalia.

5. Andikeni namba ya simu ya mzazi kwenye karatasi na kuishonea ndani ya nguo ya mtoto. Jina msiliandike mahali linapoonekana, kwa sababu mtu asiyemjua anaweza kulitumia kumwita.

6. Maji ni hatari kubwa kuliko zote. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji yasiyofika goti, tena kimya kimya bila kupiga kelele. Kando ya mto shikeni mkono, msitegemee macho. Pia msiwaache kuogelea au kuoga kwenye maji yanayotulia. Konokono wa maji hayo wanaweza kuwa na vijidudu vya kichocho, ambavyo hupenya kwenye ngozi bila mtu kusikia chochote.

7. Nendeni na shosho au guka mmoja kama ana nguvu. Yeye anajua majina ya miti na ndege kwa Kikuyu au Kikamba, na mengi ya majina hayo hayamo kwenye vitabu vya shule. Mtoto akionyeshwa mugumo na kuambiwa habari zake, hatausahau.

UWANJA USIPOLINDWA HUISHA

Jina la mtaa wetu, Landless, linatukumbusha watu wasio na ardhi. Kwa hivyo sisi tunajua thamani ya kipande cha ardhi. Na ndiyo sababu tusishangae kwamba kipande kilicho wazi, ambacho watoto wanacheza, kina macho ya watu wengi.

Kwa kawaida shamba kubwa likigawanywa kuwa ploti, ramani huacha barabara na sehemu za umma kama vile shule, zahanati na uwanja. Miaka ikipita bila kujengwa chochote, wengine huanza kusema, "Hapa hapana mwenyewe." Kumbe mwenyewe yupo: ni sisi sote. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaeleza ardhi ya umma ni ipi, na kwamba sehemu yake inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakaaji.

Hata bustani tulizotaja hapo juu zilikaribia kupotea. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua, akatukanwa hadharani, lakini mpango ukaachwa. Jeevanjee Gardens, ambayo A. M. Jeevanjee aliitoa kwa wananchi mwaka 1906, ilitakiwa kujengwa mwaka 1991. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani na bustani ikabaki. Karura nayo ilikuwa imegawanywa. Mwezi wa Januari 1999 Profesa Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti huko. Leo watoto wanakimbia kwenye msitu huo.

Mwaka 2004 ripoti ya Tume ya Ndung'u ilionyesha jinsi ardhi za umma zilivyogawiwa kinyume cha sheria nchini kote. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliamua kwamba hati ya ardhi peke yake haitoshi. Ni lazima iangaliwe ardhi ilipatikana namna gani tangu mwanzo. Ardhi ya kesi hiyo ilikuwa imetengwa kuwa mahali pa wazi, na aliyeinunua baadaye hakulindwa na hati yake.

Kikundi kifanye nini?

Kwanza, jueni ramani. Wachagueni watu wawili waende ofisi ya ardhi na ofisi ya mipango ya kaunti, waulize uwanja huo umeandikwa kuwa nini. Wafanye sachi na kuweka risiti. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Pili, utumieni. Uwanja unaotumiwa kila Jumamosi, uliofyekwa, wenye miti michache pembeni, una mashahidi wengi. Uwanja wenye vichaka na takataka hauna hata mmoja.

Tatu, wekeni maandishi. Tarehe, picha, majina ya waliohudhuria usafi. Mkiona mawe ya mipaka au mabati yanashushwa usiku, msingoje. Andikeni barua siku hiyo hiyo kwa chifu, mwakilishi wa wadi, kaunti na Tume ya Taifa ya Ardhi, na mhakikishe nakala yenu imepigwa muhuri.

Nne, msipigane. Mtu akiumizwa, habari inakuwa ya vita, na uwanja unasahaulika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Watoto wetu wa chini ya miaka 5 hucheza wapi sasa? Hatari iliyo karibu nao ni ipi?

2. Ni uwanja gani tunaoweza kuombea ruhusa mwezi huu? Nani ataandika barua, na nani ataipeleka?

3. Tukiweka kidogo kila wiki kwenye chama, safari ya Kilimambogo au Nairobi inaweza kufanyika mwezi gani?

4. Je, kuna kipande cha umma mtaani kwetu ambacho hakuna aliyewahi kuona ramani yake? Nani wawili watakwenda kuiangalia, na watatuletea jibu tarehe gani?