Mashine ya Kupumulia na Swali la Kifo

Kabla ya katikati ya karne ya 20, daktari hakuhitaji falsafa ili kutangaza kwamba mtu amekufa, kwa kuwa pumzi, mapigo ya moyo na ufahamu vilikoma karibu kwa pamoja, na kimoja kikiondoka vingine havikukawia kukifuata. Mashine ya kupumulia, iliyoenea hospitalini baada ya mlipuko wa polio mjini Copenhagen mwaka 1952, ilivitenganisha. Mwaka 1959 madaktari wawili wa Ufaransa, Mollaret na Goulon, walieleza hali ngeni, yaani ubongo uliokufa kabisa ndani ya mwili ambao moyo wake bado unadunda, kwa sababu mashine inaupatia oksijeni.

Agosti 1968, kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard chini ya Henry Beecher ilipendekeza hali hiyo ihesabiwe kuwa kifo, na ikataja waziwazi sababu mbili: mzigo unaoziangukia familia na hospitali, na mabishano juu ya upatikanaji wa viungo vya kupandikiza, suala lililokuwa moto tangu Christiaan Barnard apandikize moyo wa binadamu mjini Cape Town mwezi Desemba 1967. Kupima kama ubongo umekufa ni kazi ya tiba, na hufanywa kwa uhakika mkubwa. Lakini kuamua kwamba kufa kwa ubongo ndiko kufa kwa mtu ni kuamua mtu ni nini, jambo lisilopimika maabara. Sababu za kamati zilikuwa za haja, si za ugunduzi, na ingawa haja hizo zilikuwa za kweli, kuzivika joho la sayansi kuliwanyima wananchi mjadala uliokuwa haki yao.

Si ajabu, basi, kwamba majibu yametofautiana. Uingereza hutazama shina la ubongo, sehemu inayoendesha pumzi na kuamsha ufahamu, ilhali sheria za Marekani hudai ubongo mzima uwe umekoma. Baraza la Maadili la Denmark lilikikataa kigezo cha ubongo mwaka 1988, na sheria ikakipitisha mwaka 1990. Jimbo la New Jersey, kwa sheria ya 1991, halimtangazi kuwa amekufa kwa kigezo hicho mtu ambaye imani yake ya dini inakipinga. Hivyo mgonjwa huyohuyo anaweza kuwa maiti kisheria Pennsylvania na kuwa hai akivushwa mto Delaware hadi New Jersey, ambako kampuni ya bima haiwezi kukataa kumlipia matibabu kwa hoja kwamba ameshakufa.