Kaptula inayompwaya Rais Kapera

TANGU ilipochapishwa mwaka 1999, tamthilia ya Kaptula la Marx imesomwa na wengi kama fumbo lenye jibu moja: Rais Kapera ni Mwalimu Julius Nyerere, na safari yake ya kwenda nchi ya Usawa ni siasa ya Ujamaa. Jibu hilo si la kubezwa. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, kisiwani Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka Mwanza, aliiandika mwishoni mwa miaka ya 1970, Azimio la Arusha likiwa na umri wa miaka kumi na ushei. Lakini fumbo likishafumbuliwa hutupwa. Kapera anaweza kusomwa pia kwa saikolojia changanuzi.

Sigmund Freud alifundisha kwamba akili ya mtu ina sehemu asiyoijua mwenyewe, na kwamba yaliyozuiwa humo hutoka kwa kujificha: katika ndoto, katika ulimi unaoteleza. Mwaka 1900 alimtazama kwa jicho hilo Edipode, mfalme ambaye wasomaji wa Kiswahili walimpata mwaka 1971 kwa tafsiri ya Samuel Mushi. Mtoto, alisema Freud, humwonea baba wivu, humwogopa, na hatimaye hujifananisha naye.

Sasa itazamwe hiyo kaptula. Dunia inamjua Marx kwa ndevu zake, wala si kwa kaptula. Mwandishi amechagua vazi ambalo Tanzania nzima inalijua kama sare ya mvulana wa shule ya msingi, kisha akalifanya limpwaye mvaaji. Anayevaa nguo ya mkubwa ikampwaya ni mtoto anayeigiza kuwa baba. Hata jina linasema: kapera ni mwanamume asiyeoa. Mtu mwenye jina la asiye na nyumba anataka kuwa baba wa nchi, na ubaba wenyewe ameuazima kwa mzee aliyefariki London mwaka 1883. Kuipeleka kaptula kwa fundi ipunguzwe kungekuwa kumsahihisha baba.

Usomaji huu una hatari yake. Kapera hana utoto nje ya kurasa za kitabu, na kumpima akili Nyerere kupitia kwake ni ramli tupu. Mwalimu, mzaliwa wa Butiama, mashariki ya ziwa hilo hilo, alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikachapishwa mwaka 1963. Atakaye ataokota humo lolote kuhusu wana na baba zao, asithibitishe kitu.

Penye uzito zaidi ni kwa wanaoandamana na Rais. Katika kitabu chake cha mwaka 1921 kuhusu makundi ya watu, Freud alieleza kwamba wafuasi humweka kiongozi mahali pa dhamiri zao, wakaacha kujihukumu wenyewe. Kwa hiyo mwongozaji atakayeipandisha tamthilia hii jukwaani ana la kuamua kabla ya mazoezi: mawaziri waiangalie vipi kaptula hiyo, kwa woga, kwa kicheko kilichobanwa, au kwa hamu ya kuivaa wao.